Mbwa wa Seng'enge Aliyeipa Barabara Mgongo: Maisha ya Papa Crispin Bauma Ndoole, 1958–2025

Ndugu zetu, majirani, wanakwaya, na ninyi mliopanda treni tangu alfajiri kutoka Liège na Namur ili mfike kwa saa: familia inawashukuru. Kabla hatujamteremsha Papa Crispin, tunaomba mtusikilize tuwaeleze alikotoka, alichokifanya, na kwa nini tunamzika hapa. Wengi wenu mnajua kwamba tangu alipofika nchi hii aliomba jambo moja tu, nalo ni kuzikwa kilimani kwao, kando ya wazazi wake. Jambo hilo hatukuweza kumpa. Hatutaki kulificha katika wasifu huu, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kwenye kilima kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mushaki, katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Noé Ndoole na Maman Evaline, na ndiye pekee kati ya watoto wao aliyefika utu uzima. Baba yake alichunga kondoo na ng'ombe katika shamba la mlowezi mmoja wa Kibelgiji. Mlowezi huyo alikuwa amekuja na mbwa wawili wa kuchunga, dume na jike, wenye manyoya makavu yaliyosimama ovyo, rangi ya nyasi za paa la zamani. Mwaka 1960 aliondoka kwa haraka. Masanduku aliyabeba, mbwa akawaacha. Mzee Noé aliendelea kuwalea, na watoto wao, na wajukuu wao. Damu yao ilichanganyika na ya mbwa wa kilimani, lakini manyoya yale hayakupotea. Na kwa kuwa mlowezi alimwita kila mbwa Médor, mzee Noé aliishika desturi hiyo: Médor akifa, anayefuata naye ni Médor.

Siku moja mtoto Crispin alimrushia Médor kijiti ili akikimbilie. Baba yake akamkataza. "Hii haiko mbwa ya kuchezea," alimwambia. "Hii iko kapita."

Kapita ni msimamizi wa kazi, na kazi ya Médor ilikuwa hii. Jioni kondoo walipoingia zizini mzee Noé aliwahesabu kwa kuwagusa mgongoni. Akikosekana hata mmoja, Médor aliketi nje ya lango, uso wake ukielekea upande ambao kondoo amepotelea. Hakula wala hakuondoka. Kondoo akirudi na kuingia, Médor aligeuka, akaiangalia nyumba, akalala. Marehemu alilisimulia jambo hili mara nyingi sana mezani, hata sisi watoto tuliweza kulimalizia kabla yake. Tunaomba mlikumbuke.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1964 katika shule ya misheni ya Mushaki. Kila Jumatatu asubuhi Médor alimsindikiza hadi kwenye kijito kilicho chini ya kilima, akaketi hapo mpaka mtoto apotee kwenye kona. Mwaka 1971 alipelekwa Goma kwa mjomba wake kusoma ufundi, akapata cheti chake cha umakanika mwezi Juni 1977. Mwalimu wake wa kuchomelea aliandika kwenye ripoti ya mwisho kwamba mwanafunzi huyu "ana mkono mtulivu lakini huchora wanyama pembeni mwa daftari." Ripoti hiyo ilivuka nchi nne ndani ya begi la Maman Claudine. Ipo nyumbani hadi leo.

Kwa miaka kumi na miwili alifanya kazi ya kuchomelea katika karakana moja ya Goma: milango, madirisha, bodi za malori. Mwaka 1987 chama cha wafugaji kilimwomba atengeneze ng'ombe mkubwa wa saruji, asimame kwenye njia panda ya kwenda Masisi, ili wasafiri wajue kwamba hapo ndipo nchi ya maziwa na jibini inapoanzia. Alifunga mifupa ya nondo, akaivika wavu, akaipaka saruji. Ng'ombe alikuwa na urefu wa mita nne hadi ncha za pembe. Ndani ya mwaka mmoja watu hawakutaja tena jina la njia panda ile. Walimwambia dereva, "Uniache ku Ngombe," naye dereva alijua.

Baba yake alipofariki mwaka 1989, Crispin alirudi kilimani kumsaidia mama yake na kondoo. Tarehe 4 Agosti 1990 alifunga ndoa na Maman Claudine, binti wa mwalimu, katika parokia ya Mushaki. Maman anasema kwamba siku ya kumposa, Crispin alifika na mbwa. Wazee walikasirika, wakauliza mtu gani huja kutafuta mke akiwa na mbwa. Akawajibu kwa adabu kwamba hakumleta, bali mbwa amemfuata, na kwamba Médor hafuati mtu anayekwenda mahali pabaya. Mungu aliwajalia watoto watatu: Séraphin mwaka 1992, Mignonne mwaka 1995, na Agape, aliyezaliwa hapa Brussels mwaka 2002.

Mwezi Mei 1996 vita viliwafikia kilimani. Asubuhi moja majirani walikuwa wakipita na magodoro kichwani. Crispin alifunga vitu vichache, akamchukua mkewe na watoto wawili, akamwambia mama yake kwamba wanaondoka. Maman Evaline alikuwa amesimama langoni mwa zizi.

"Kondoo mbili haziyarudi," alisema, maana zizini walipungua wawili. "Miye nitaendaje?"

"Mama, acha kondoo."

"Ile siku baba yako aliacha kondoo, njo siku gani? Niambie. Muende. Mutanikuta hapa."

Crispin alimsihi mpaka jua likawa juu. Mwishowe mama yake ndiye aliyembeba Mignonne akamfunga mgongoni mwa Maman Claudine, ili kumaliza maneno. Walishuka. Médor aliwafuata hadi kijitoni. Marehemu aligeuka, akamwambia, "Rudia kwa mama. Rudia, Médor." Mbwa hakurudi, na maji hakuyavuka. Aliketi palepale, akiwaangalia, mpaka walipopotea kwenye kona. Miezi mingi baadaye habari ziliwafikia Goma, walikokuwa wamekimbilia, kwamba Maman Evaline yu hai, na kwamba ilibidi amfuate mbwa yule mwenyewe kijitoni, siku ya tatu, amrudishe nyumbani kwa kamba.

Hawakuonana tena. Familia ilipitia Kampala na Nairobi, na tarehe 9 Desemba 1998 ilishuka kituo cha treni cha Gare du Nord, hapa Brussels, na masanduku mawili. Ukumbini polisi walikuwa wakipita na mbwa wao, Malinois mwenye manyoya mafupi na masikio yaliyosimama. Abiria wengine walirudi nyuma. Papa Crispin aliketi juu ya sanduku, akanyoosha mkono chini ya kidevu cha mbwa, akamwambia kwa sauti ndogo, "Kapita." Mbwa akaketi. Polisi aliuliza kwa mshangao kama bwana huyu amewahi kufanya kazi ya polisi. Maman Claudine husema kwamba hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza katika nchi ya Ubelgiji, na kwamba ilipita muda mrefu kabla ya kucheka mara ya pili.

Machi 1999, katika bustani ya Laeken, alimwona bibi mmoja wa Kibelgiji akitembea na mbwa. Manyoya yalikuwa makavu, yamesimama ovyo, rangi ya nyasi za paa. Papa Crispin alisimama. Kisha, bila kufikiri, akapiga ule mluzi wa baba yake, mfupi halafu mrefu. Mbwa akageuka, akaja, akaketi mbele yake. Bibi alikuja nyuma akihema. Alimuuliza kwa Kifaransa kama anaijua aina hii, maana hata Wabelgiji wengi hawaijui, wamebaki wachache.

"Madame," alijibu, "ni mbwa wa kwetu."

"Hapana, bwana," bibi akamwambia kwa upole. "Ni mbwa wa hapa hapa. Anaitwa Laekenois, kwa sababu ya Laeken. Walichunga kondoo kwenye bustani za mfalme."

Aliporudi nyumbani alikaa jikoni bila kuvua koti. "Claudine," alisema, "unajua? Médor haikuwaka ya kwetu. Ni ya hapa. Yeye njo alianza kukimbilia kwetu, na siye tumekuya kukimbilia kwabo."

"Alors, muko quittes," Maman alimjibu, yaani hakuna anayemdai mwenzake. "Sasa niletee mayi nipike."

Tangu siku hiyo alijifunza kila kitu kuhusu mbwa wa kuchunga wa Ubelgiji. Alitufundisha ndani ya tramu, kama wazazi wengine wanavyofundisha hesabu. Alituambia wapo wa aina nne, na zote nne zimeitwa kwa majina ya mahali palipo karibu na mji huu: Groenendael, mweusi mwenye manyoya marefu, Tervuren, wa kahawia mwenye ncha nyeusi, Malinois, ambaye kila mtu anamjua kwa sababu ya polisi, na Laekenois wetu. "Ni bandugu quatre, mama mumoja," alizoea kusema. "Wanaachana ku manyoya tu." Mbwa akipanda tramu, alitugusa bega tutaje aina. Tukikosea, alituonea huruma kweli.

Kuhusu kazi, aliajiriwa mwezi Septemba 2000 katika karakana ya vyuma huko Molenbeek, karibu na mfereji, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2023. Hapo alikutana na Bwana Radjabu, mzaliwa wa Kigoma, ambaye alikuwa rafiki yake hadi siku ya mwisho. Mmoja alikwenda msikitini Ijumaa, mwingine kanisani Jumapili, na Jumamosi wote wawili walikuwa na nguo zilizotoboka kwa cheche.

Jumapili baada ya ibada alitupakia kwenye gari kwenda kutazama wanyama wakubwa wa barabarani. Nchi hii inao wengi. Tulitazama jogoo wa bati, farasi wa vyuma vya kilimo, konokono wa saruji katikati ya mzunguko wa magari, na ng'ombe wa plastiki ngumu mlangoni mwa muuza maziwa. Kama angeweza kuegesha, alishuka, akamgonga mnyama kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kama hakuna pa kuegesha, aliuzunguka mzunguko huku akichunguza viungo dirishani.

"Crispin," Maman alisema safari moja, katika mzunguko wa saba, "tumezunguka mara sept. Mutoto anataka kutapika."

"Bon, ya mwisho. Siyaona mukia."

Tarehe 19 Februari 2004 simu ilikuja kwamba Maman Evaline amefariki. Alizikwa kando ya mumewe, nyuma ya zizi. Njia ilikuwa imefungwa. Mwanawe hakuweza kwenda. Hakulia mbele yetu. Ila Jumamosi iliyofuata, Bwana Radjabu alimkuta karakanani amekunja waya vipande vifupi vifupi, amejaza ndoo, na hajui vya kazi gani.

Kazi ya vipande hivyo ilijulikana mwaka 2009. Papa Crispin alikuwa amezoeana na mfugaji wa kondoo aitwaye Wannes, mwenye shamba kando ya barabara ya Ninove, nje kidogo ya mji. Kwa miaka kadhaa alimrekebishia mageti bure, mradi aruhusiwe kusimama zizini jioni. Siku moja alimwomba kipande cha uwanja, upande wa kusini wa barabara, ajenge mbwa. Wannes alimuuliza mbwa wa ukubwa gani. Papa alionyesha kwa mkono paa la ghala.

Ilimchukua Jumamosi za miaka miwili. Mifupa ilikuwa ya mabomba, na manyoya ya seng'enge kuukuu aliyoomba kwa wakulima wa jirani, akaikata na kuichomelea kipande kwa kipande, akianza na vile vya ndoo. Mbwa ana urefu wa mita tano na nusu, ameketi. Alizinduliwa Jumamosi tarehe 18 Juni 2011 kwa sambusa za Maman na bia ya Wannes. Wageni walipouliza kwa nini hakupakwa rangi, aliwaambia wasubiri baridi mbili zipite. Baridi mbili zilipita, mvua ikafanya kazi yake, na seng'enge ikashika kutu ya rangi ileile ya nyasi za paa.

Jambo lililowashangaza watu zaidi ni kwamba mbwa anaipa barabara mgongo. Anayetoka Brussels kwa gari huona kwanza mkia. Bwana Radjabu alimwambia siku ileile ya uzinduzi, mbele ya wageni.

"Kaka Crispin, seriously, miaka miwili ya kazi, halafu watu unawapokea na mkia?"

"Bale banarudia kwabo," Papa alijibu, akiyaonyesha magari ya watu wanaorudi makwao. "Médor haiko na shida yabo."

Mwaka 2013 alikuja mtu wa manispaa, kijana mwenye faili, akaeleza kwa heshima kwamba sanamu ya barabarani kwa kawaida hutazama barabara, na akauliza kama haiwezekani kuigeuza. Wannes aliyekuwa akilisha kondoo alimjibu bila kusimama: "Kondoo wangu pia wanaipa barabara mgongo. Mtawaandikia nao barua?" Kijana alicheka, akafunga faili. Alirudi Jumapili iliyofuata na watoto wake wapigwe picha.

Ukweli ni kwamba ingewezekana kumgeuza. Papa Crispin hakumchomelea mbwa kwenye msingi. Alimkalisha juu ya ekseli ya trela kuukuu, iliyosimamishwa wima ndani ya saruji, akamfunga kwa bolti moja nene. Uso wake aliupima kwa dira na ramani ya dunia kwa muda wa wiki nzima, mpaka akaridhika kwamba unaelekea kusini-mashariki, Masisi, kilimani. Kila Septemba alikwenda na kopo la grisi, akafungua bolti, akaipaka ekseli ili isishike kutu, akafunga tena. Sisi tulidhani ni ufundi tu. Mtu mmoja tu aliambiwa sababu.

Mwezi Februari 2024 madaktari walimkuta na saratani ya mapafu. Alipokea matibabu kwa uvumilivu, na aliwajua wauguzi wote kwa majina. Mwaka huohuo mtu alimtumia picha ya njia panda ya Masisi. Bomu lilikuwa limempiga ng'ombe wake wa saruji. Kilichobaki ni miguu. Maman alitaka kuifuta picha hiyo kwenye simu, Papa akamkatalia. "Miguu yote quatre iko," alisema. "Muntu anaweza kuanzia hapo."

Januari 2025, vita vilipofika Goma kwenyewe, simu za kilimani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mtoto wa binamu yake, ambaye alimwita mpwa, wa mwisho aliyebaki huko, alipiga mwezi Machi kutoka kambini. Alisema watu wote wa kilima wameondoka. Papa alimuuliza juu ya makaburi mawili nyuma ya zizi. Mpwa akasema alipokuwa akiondoka yalikuwa salama, ila zizi halipo.

Jumamosi tarehe 20 Septemba alituomba tumpeleke barabara ya Ninove. Alikuwa tayari kwenye kiti cha magurudumu, na oksijeni. Hakuweza kushika spana, kwa hiyo Séraphin ndiye aliyefungua bolti, na Papa alipaka grisi kwa vidole vyake. Bwana Radjabu aliweka mkono kwenye goti la mbwa.

"Kaka, tumgeuze?"

Papa aliangalia upande ule anaouangalia mbwa. Palikuwa na shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na nguzo za umeme.

"Bado," alisema. "Funga."

Alifariki Jumatano tarehe 5 Novemba 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Maman Claudine alikuwa ameshika mkono wake.

Tunawaomba radhi kwa kuwasubirisha siku kumi na saba. Séraphin, kama kifungua mimba, alikuwa ameahidi. Alipiga simu kila mahali: Kigali, Kampala, Nairobi, kwa padri wa huko, kwa madereva. Alipata mtu aliyesema anaweza kujaribu. Tarehe 15 familia ilikutana nyumbani, karibu na Chaussée de Wavre, kuamua. Séraphin alieleza njia yote, mpaka wa nchi, kizuizi kwa kizuizi. Maman alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "tufike na sanduku pale juu. Bon. Tutamupatia nani? Njo nani atamupokea?"

Séraphin alijaribu tena: tusubiri basi, mwaka mmoja, miwili, kuna mahali pa kumhifadhi.

"Papa yako alingojea miaka vingt-sept," Maman alisema, akiihesabu ile ishirini na saba tangu Gare du Nord. "Umungojeshe tena na kifo?"

Hapo Séraphin alilia, na ilikuwa imeamuliwa. Baada ya muda akafuta macho, akasema kwamba kama Papa anabaki huku, basi angalau tumgeuze mbwa alielekee kaburi, asiendelee kuangalia mahali ambapo Papa hayupo. Alisema atakwenda kesho yake na spana. Wengi wetu tuliona ni wazo jema.

Bwana Radjabu alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliomba ruhusa ya kusema kama mgeni. Maman alimwambia hakuna mgeni hapa.

"Ile bolti," alisema, "mimi ndiye nilimsaidia kuifunga. Nikamuuliza, ya nini, unataka mbwa azunguke kama feni? Akaniambia hivi: siku mimi nitafika kwetu, mumugeuze aangalie barabara. Siku hiyo kazi yake itakuwa imekwisha. Akasema, nikifika. Hakusema nikifa."

Kisha Maman Claudine akamgeukia mwanawe.

"Umesikia? Crispin hayafika. Unapenda tumudanganye Médor?"

Kwa hiyo, wapendwa, leo Jumamosi tarehe 22 Novemba 2025, tunamlaza Papa yetu katika ardhi ya Brussels, mji ambao mbwa wake walitoka. Hatusemi kwamba amefika kwao. Tumekubaliana kwamba njia itakapofunguliwa, mmoja wetu atachukua udongo wa kaburi hili, ataupandisha kilimani, ataupitisha pale kijitoni, na kuuweka nyuma ya mahali palipokuwa na zizi, kati ya mzee Noé na Maman Evaline. Siku hiyo atapiga simu Brussels, na bolti itafunguliwa. Spana iko kwa Séraphin. Grisi tutapaka kila Septemba. Wannes amekubali. Na mkipita barabara ya Ninove mkapokelewa na mkia, chekeni. Alipenda mkicheka.

Marehemu ameacha mjane, Maman Claudine. Watoto watatu, Séraphin, Mignonne, na Agape aliyeandika wasifu huu. Mkwe mmoja, Cédric, mume wa Mignonne. Mjukuu mmoja, Noé, mwenye miaka sita, ambaye anazijua aina zote nne na hakosei. Mpwa mmoja aliye kambini, ambaye tunamwombea. Na ndugu yake asiye wa damu, Bwana Radjabu. Familia inawashukuru wauguzi waliomtunza, kwaya, mzee Wannes aliyefunga zizi mapema leo ili awe nasi, na ninyi nyote.

Papa, umehesabiwa, na tunajua kwamba bado hujaingia. Médor yuko macho, anaangalia upande uleule. Wewe lala sasa. Pumzika kwa amani.